Bi Rula na Jua Lililomegwa

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, wekeni chini masufuria, maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja: ni habari ya Bi Rula, aliyepiga mistari kwa miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya ramani, aliyelivizia jua kwa miaka hamsini na minne na mwezi mmoja, akalinasa kwa kibanio cha nywele.

Alipokuwa na miaka tisa, jua lilipatwa mchana kweupe. Halikupatwa lote, lilimegwa kipande. Mwalimu, akiyahofia macho ya watoto, aliwafungia darasani, akashusha mapazia, akawakaririsha jedwali la saba mpaka hatari ikapita. Wenzake walisahau. Yeye hakusahau. Ukubwani, katika vitabu vya ofisi, akagundua kwamba kupatwa kwa jua kuna ukoo: kila baada ya miaka kumi na minane na siku kumi na moja hutokea ndugu wa yule wa kwanza, ila huwashukia watu wa theluthi nyingine ya dunia, ndugu wa tatu ndiye hurudi kubisha hodi pale pale. Akakokotoa tarehe, akaizungushia duara, akangoja.

Hata siku ilipowadia, saa kumi jioni, shujaa wetu alikuwa wapi? Alikuwa kwenye benchi la ofisi ya pensheni tangu asubuhi, kakumbatia fomu ya kuthibitisha kwamba yu hai, ambayo isipogongwa muhuri kabla ya kumi na nusu, daftari lingemhesabu marehemu. Ubavuni pake alikaa wifi yake, aliyemsindikiza huku akilalamika njia nzima, nywele zake kazibana kwa kibanio alichomwazima Bi Rula. Dirisha lilikuwa moja tu, nalo lilipakwa rangi likiwa limefungwa. Bi Rula akalishambulia kwa kiganja, akalishambulia kwa bega, akalishambulia mara ya tatu kwa kisigino cha kiatu cha wifi. Ngome ile haikutikisika.

“Wifi,” akanena, “natoka.”

“Ukitoka namba yako inakufa. Karani kasema.”

“Likinipita leo, mpaka lirudi nitakuwa na miaka mia na kumi na saba.”

“Na wakikuandika marehemu?”

“Basi niwe marehemu aliyeona. Nirudishie kibanio changu.”

Akatoka, kichwa juu, mpaka uani, kati ya pikipiki na pipa la taka. Huko jeshi la mawingu lilikuwa limejipanga safu kwa safu. Kioo cheusi alichoazima kwa fundi wa kuchomelea kilikuwa nyumbani, juu ya friji. Akasimama dakika sita, magoti yakimuuma, wala hakurudi nyuma hata hatua moja. Ndipo mawingu yakapasuka. Bi Rula akaishika fomu ya uhai wake, akaitoboa katikati kwa kibanio, akaiinua juu kama bendera. Kilichokosekana ni mahali peupe pa kuangushia mwanga uliopenya tunduni, maana ukuta ulikuwa wa kahawia.

Saa ile ile karani akatokea mlangoni, shati jeupe, limepigwa pasi.

“Mama, nimekuita mara tatu. Taratibu haziniruhusu kuita mara ya nne.”

“Mwanangu, simama hapo hapo. Usitazame juu. Tazama mfuko wa shati lako.”

Karani akainamisha macho. Pembeni ya kalamu yake palikuwa na doa la nuru, dogo kama kifungo, nalo limeng'atwa upande mmoja kama biskuti.

“Hili ni nini?”

“Jua.”

“Limeliwa,” karani akasema taratibu.

“Robo na ushei. Usipumue sana, linatikisika.”

Basi yule aliyekuwa na mamlaka juu ya walio hai na wafu akasimama kama nguzo, amebana pumzi, na benchi zima likatoka kulitazama shati lake. Wifi, bila kuambiwa, akaja kuishika mikono ya Bi Rula iliyoanza kuchoka. Utoto mzima Bi Rula alikuwa amedhani litakuwa jambo kubwa la kujaza mbingu. Lilikuwa kifungo. Likamtosha, machozi yakamlengalenga, akayaacha.

Wingu liliporudi, karani akaipokea fomu, akaigeuza mbele na nyuma.

“Mama, fomu yenye tundu haipokelewi.”

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na nane. Karani akalipapasa shati lake pale mfukoni, akaingia ndani, na wote wakasikia muhuri ukilia mezani kama mzinga wa ushindi. Kisha akarudi kuwasomea, kwa sauti ya kutangaza sheria, yale aliyoyaandika kwenye nafasi ya maoni, ambayo yangali katika jalada hilo mpaka leo:

“Mhusika yu hai. Tundu limekaguliwa, nalo ni la jua.”