Wati za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi wetu amerudi kutoka safari na ugonjwa mpya: baiskeli. Kiwanda cha rangi hakina makopo, paa la ghala linavuja, lakini leo imewasili baiskeli isiyo na magurudumu. Imefungwa kwenye chumba kilichokuwa cha mafagio. Unapanda, unakanyaga, unaloa jasho, huendi popote. Kama kazi yangu tu.

Mkurugenzi alitukusanya akatangaza kwamba kiwanda kitashiriki mbio za baiskeli za makampuni mwezi huu. Akaongeza, kama mtu anayetupa mfupa, kwamba mkuu mpya wa ghala atateuliwa kutoka miongoni mwa wenye pumzi. Eti ghala linahitaji nguvu. Mimi ni msaidizi wa mkuu wa ghala tangu milango yake ikiwa mipya. Nguvu zangu zote zimeishia humo. Nani ameniuliza?

Tukapimwa. Mashine inapima nguvu za miguu kwa wati, kisha inazigawa kwa kilo za mwili. Kilo inazijua yenyewe: mizani imo ndani ya kiti. Umbea mtupu. Niliweka namba yangu ya kazi, nikakanyaga dakika ishirini, nikaona nyota mchana kweupe. Kioo kikaandika: Mwanaume, miaka 46, kilo 92. DHAIFU.

Akapanda mhasibu. Mama wa miaka hamsini na moja, jirani yangu wa ofisi na mwiba wangu wa kudumu. Wati zake zilikuwa sawa na zangu. Niliziona kwa macho yangu! Ila yeye ana uzito wa mwavuli. Kioo kikaandika: HODARI. Akashuka bila hata kutafuta leso. Akaniambia pole.

Pole!

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa mbele ya chati iliyobandikwa ukutani mpaka muuguzi wa kiwanda akadhani nina kizunguzungu. Chati ni fupi lakini ina maarifa. Upande wa kushoto wanaume, kulia wanawake, umri unaongezeka kutoka juu kwenda chini. Ngazi ni tano: Dhaifu, Wastani, Mzuri, Hodari, Bingwa. Na kadiri umri unavyoongezeka, ndivyo wati zinazodaiwa zinavyopungua. Ukihamia upande wa wanawake zinapungua tena.

Muuguzi, binti mpole anayependa kueleza, alinieleza. Nguvu za mtu hufika kileleni akiwa kijana, halafu zinateremka taratibu. Wanaume kwa wastani wana misuli mingi zaidi, ndiyo maana safu zimetenganishwa ili kila mtu apimwe na wenzake. Akasema pia kwamba mzee anayefanya mazoezi anaweza kumwacha mbali kijana asiyefanya. Hiyo sehemu ya mwisho sikuisikiliza vizuri. Ilinusa kazi.

Nilichosikia ni hiki: jasho langu lilelile, ambalo ni la Dhaifu kwa mwanaume wa miaka arobaini na kitu, ni la Wastani kwa aliyepita sitini. Sina haja ya kuongeza nguvu. Naongeza miaka!

(Safu ya wanawake ingelipa zaidi. Niliifikiria. Tatizo sharubu.)

Nikamwambia muuguzi, kwa sauti ya chini, kwamba mashine imekosea umri wangu. Mimi ni wa sitini na moja. Alinitazama, akatazama chini kwa adabu, akasema shikamoo. Kisha akanyanyuka akanipisha kiti. Akaahidi kurekebisha kila mahali. Sikuuliza kila mahali ni wapi. Mtu mwenye ushindi mkononi haulizi maswali.

Jumatano, 5 Machi

MZURI! Jina langu liko kwenye ubao, chini ya kichwa cha "Wazee Wetu".

Kufika hapo kulihitaji ubunifu kidogo. Wati ni kwa kilo, sivyo? Basi wakati kiti kinanipima nilining'inia kwenye nondo za dirisha kwa mikono miwili, kama nguo iliyoanikwa. Kiti kikanipa kilo sabini na moja. Bega la kulia halinyanyuki tangu hapo, lakini nani anaendesha baiskeli kwa bega?

Kiwanda kizima kinanishangaa. Vijana wa kupakia wameniuliza siri ya kutozeeka. Nikawashauri wanywe maji ya uvuguvugu na wasiwe na kinyongo. Mhasibu alikuwa anapita. Alisoma na dada yangu mkubwa darasa moja. Nilipozaliwa alikuja nyumbani kuniona. Alitabasamu tu, kama mtu anayeweka akiba.

Nyumbani balaa. Muuguzi alikuwa amempigia simu mke wangu kumshauri kwamba mzee wa umri wangu asibebe ndoo. Mke wangu alitaka kujua ni mzee yupi. Nikaeleza. Akasema kama nina sitini na moja basi siku ya posa nilimficha baba yake miaka kumi na mitano. Akaniwekea uji mezani. Akasema wengine wanakula nyama, ila yeye anayahurumia meno yangu.

Mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu mwezi uliopita, alicheka mpaka akashika mbavu. Ana miaka sitini na saba. Zamani alikuwa tarishi wa posta, akisambaza barua kwa baiskeli mtaa kwa mtaa. Mpaka leo anaamka alfajiri na kuzunguka mji mzima kwa baiskeli yake, eti kunyoosha miguu. Miguu yenyewe imeshanyooka kama nguzo za simu.

Nimekula uji wangu nikiitazama ile miguu.

Jumamosi, 8 Machi

Juzi mhasibu amepanda tena. BINGWA. Mkurugenzi akasema hadharani kwamba asiye Bingwa asijisumbue kuota ghala. Mimi na ndoto zangu tukatazamana.

Lakini Jumamosi chumba cha mazoezi kinafunguliwa kwa familia za wafanyakazi! Nikamwambia mama mkwe kwamba kuna mashine ya kisasa inayopima magoti, bure. Akaniambia magoti yake hayana neno. Nikamwambia hivyo ndivyo magoti yanavyodanganya watu. Akaja.

Niliweka namba yangu ya kazi, nikamkaribisha kitini. Alivua viatu, akafunga kilemba vizuri, akaanza.

"Mwanangu," alisema, "mbona hii haiendi?"

"Inaenda ndani kwa ndani, mama."

"Haya. Nikanyage mpaka wapi?"

Nikamwambia akanyage kama zamani alipokuwa akifukuzwa na mbwa wa watu. Hilo lilikuwa kosa, au baraka. Alianza kunisimulia mbwa mmoja mweusi aliyekuwa akilinda nyumba ya kinyozi, na kadiri mbwa alivyokuwa anakaribia kwenye hadithi, ndivyo mashine ilivyovuma. Dirisha lilitetemeka. Alimaliza bila kuhema, akauliza kama kuna maji. Kisha akachukua kitambaa akafuta mashine yote, mpaka pedeli.

Kioo: Mwanaume, miaka 61. BINGWA. Matokeo yakaruka yenyewe hadi kwenye kompyuta ya mkurugenzi.

Kwenye safu ya wanaume, jamani! Mama wa watu amewapita wazee wa kiume akisimulia hadithi. Sijui angeitwa nani kwenye safu yake. Pengine chati haina neno hilo.

Nimemnunulia soda. Nikamwambia magoti yako salama.

Jumatatu, 10 Machi

Niliitwa kwa mkurugenzi asubuhi. Nikavaa koti la arusi. Nikafanya mazoezi ya kushukuru mbele ya kioo.

Ndani walikuwepo mkurugenzi, mhasibu na muuguzi. Muuguzi alikuwa na macho mekundu. Nikadhani ni furaha.

"Kaa chini," mkurugenzi alisema. "Polepole. Msaidieni."

Nikasaidiwa. Mkurugenzi akageuza kompyuta. Nilisahau kitu kimoja. Kitu kidogo. Kiti!

"Jumatatu iliyopita ulikuwa na kilo tisini na mbili," alisema kwa sauti ya msibani. "Jumatano sabini na moja. Jumamosi hamsini na nne. Ndugu yangu, una nini?"

Muuguzi alishindwa kujizuia. Akaniambia hospitali ya rufaa inanisubiri leo hii. Mkurugenzi akasema nisiwe na wasiwasi wa kazi, kwa sababu idara ya utumishi imeletewa umri wangu sahihi na kugundua kwamba nilipaswa kustaafu mwaka jana. Keki imeshaagizwa.

Maji yakanifika shingoni. Nikipokea ugonjwa, napoteza kazi. Nikipokea miaka sitini na moja, napoteza kazi na nakula keki. Nikisema kweli... hapana, tusifike huko. Nikasema mashine ni mbovu.

"Mashine nimeinunua mimi," mhasibu alisema, kwa utulivu wa mtu aliyelala vizuri. "Basi tuijaribu. Apande sasa hivi. Na mtu asimame dirishani."

Nilipanda na koti la arusi. Mkurugenzi alisimama dirishani mwenyewe. Kilo 92. Wati nazo zikanihama. Hata zile za mwanzo hazikufika. Muuguzi akarudisha umri wa kwenye faili. DHAIFU.

"Imepona," alisema mhasibu.

Kisha muuguzi akakumbuka kwamba Jumamosi alimwona mama mmoja mtu mzima akifuta pedeli. Mkurugenzi aliruka kama aliyekanyaga moto. Nilifumba macho nikisubiri kufukuzwa. Alikuwa ananishika mkono!

"Huyo mama ni nani? Anapatikana wapi?"

Timu za makampuni zinaruhusiwa kuleta ndugu mmoja wa mfanyakazi. Mkurugenzi alinipa sharti moja: mama mkwe akiwa kwenye timu, mimi nabaki na kazi. Asipokuja, basi na mimi nisije.

Ghala amepewa mhasibu alishikilie. Kwa hiyo mwiba wangu sasa ni bosi wangu. Keki tulikula. Ilikuwa imeandikwa "Pumzika Salama, Mzee." Nilipewa kipande chenye "Salama".

Jumanne, 11 Machi

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mama mkwe habari hii kwa ustadi. Nikakuta mke wangu ameshamwambia yote, bila ustadi wowote.

Mama mkwe alikuwa uani anatia mnyororo mafuta. Hakucheka safari hii. Aliniuliza kama kweli nilimtumia kama gari la kukodi. Nikasema nilitaka mambo ya nyumbani yawe mazuri. Akaniuliza mbona sikumwomba tu. Nilitazama ndala zangu. Kusema kweli niliona haya, hali ambayo siipendi kabisa na sijui watu wanaivumiliaje.

"Nitakwenda," alisema. "Kwa ajili ya mwanangu na wajukuu, siyo kwa ajili yako. Lakini kila alfajiri na wewe utapanda baiskeli nyuma yangu. Muuguzi wako amemweleza binti yangu kuhusu mazoezi. Miguu yangu haikushushwa kutoka mbinguni. Inapelekwa kazini kila siku."

Nikakubali kwa unyenyekevu mkubwa. Mke wangu alinirudishia nyama.

Jumatano, 19 Machi

Mazoezi yanaendelea vizuri sana. Alfajiri tunatoka pamoja. Yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye kona ya fundi cherehani yeye anaendelea moja kwa moja, mimi nakata kushoto kwenye kibanda cha chai. Anaporudi ananikuta nimejimwagia maji usoni, nahema.

Amesema naonekana kuimarika. Maandazi ya pale ni mazuri.

Jumapili, 23 Machi

Mbio zimefanyika. Mama mkwe amekuwa wa kwanza kwa wanawake waliopita sitini, na katika msafara mzima amewaacha nyuma vijana wengi wenye miwani ya rangi na suruali za kubana. Mhasibu wa kwanza kwa umri wake. Walipovuka utepe walishikana mikono juu kama watu waliofahamiana tangu utoto. Mkurugenzi alilia waziwazi.

Mimi nilikuwa kwenye gari la kando ya barabara nikigawa chupa za maji. Kwa amri ya bosi wangu. Nilipomwona mama anapita nilisimama juu ya kiti nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Mama mkwe wangu huyo! Huyo ni wa kwetu!" Sijui nini kilinipata. Nadhani jua.

Jioni alinivisha medali yake shingoni mbele ya watoto, akasema ni kwa ajili ya jitihada zangu za alfajiri. Watoto walipiga makofi. Medali ilikuwa nzito. Ilikuwa dakika ya kutubu, niliiona kabisa ikipita mbele yangu.

Nikaiacha ipite.

Jumatatu, 24 Machi

Habari kubwa! Waandaaji wametangaza mbio za mwezi Juni. Kuna kundi jipya: baiskeli ya viti viwili. Mwanamume na mwanamke, umri wa wote unajumlishwa, ushindi ni wa wote wawili, picha ukutani za wote wawili.

Nimeuliza kwa makini. Wa mbele anashika usukani na kuongoza. Wa nyuma anakanyaga tu, na hakuna mtu barabarani anayeweza kujua anakanyaga kwa nguvu au anasindikiza.

Nimeshamwambia mama mkwe kwamba kiti cha mbele ni cha heshima, na kwamba mimi nina adabu zangu, siwezi kukaa mbele ya mkubwa. Amefurahi. Anasema nimebadilika.

Kutwa nzima nimekuwa ghalani, nyuma ya makopo, nafanya mazoezi ya sura ya mtu aliyechoka.