Matawi Mawili Mlangoni pa Mama Eugénie

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Vidole havishiki kalamu. Asubuhi Mama Eugénie alituita jikoni, mimi na Valentin, mtoto wa dada yake. Jumamosi wageni sita wa kanisa, wakiongozwa na Mchungaji Lwaboshi, wanatoka Lilongwe kuja kulala katika nyumba yake ya wageni. Vyumba vitatu. Hakuna hata kimoja ambamo ningemlaza mtu ninayemheshimu.

Mama alitoka Uvira, Kongo, miaka mingi iliyopita, lakini Ziwa Tanganyika halijamtoka moyoni. Vyumba amevipa majina ya mitaa ya kwao: Kalundu, Kavimvira, Mulongwe. Sasa anataka vifanane na ufukwe. "Mi nataka mutu alale Dzaleka, aamuke afikiri iko ku maji," alisema. Maji ya karibu hapa kambini ni bomba, na foleni yake.

Kisha jambo lenyewe. Baada ya Jumamosi atabakiza mtu mmoja tu. Atakayebaki atapata funguo na kile chumba kidogo nyuma ya jiko. Mimi ni karani: naandika majina ya wageni daftarini, kwa mwandiko mzuri. Valentin ni fundi wa kila kitu. Nikishindwa, narudi kwa shangazi Akeza, tunakolala watu tisa chumba kimoja na miguu ya binamu yangu inakaa usoni pangu hadi alfajiri.

Valentin ametabasamu siku nzima. Sipendi.

Jumanne, 10 Juni

Valentin alishauri Mama anunue rangi ya bluu mjini. Nikadakia! Nikasema hakuna haja, mimi nilisoma kemia. Chokaa, buluu ya kufulia, na uji wa unga wa muhogo ili ishike ukutani. Mama alifurahi. Nikachanganya kwenye pipa.

Ilitoka bluu hafifu, kama shati la mwanafunzi. Mimi nilitaka ziwa la jioni. Nikaongeza udongo mwekundu kidogo. Kisha kidogo tena.

Zambarau. Vyumba vyote vitatu.

Valentin alisimama mlangoni. Aliuliza hilo ni ziwa gani. Nikamwambia la jioni. Akasema basi hiyo jioni inaumwa.

Jumatano, 11 Juni

Rangi imekauka, lakini haijashika. Niliegemea ukuta wa Kavimvira nipumzike, nikatoka na mgongo wa zambarau. Koti langu la pekee.

Kuku wa jirani yetu Lucie wamegundua muhogo. Wanaingia kwa mstari, wanadonoa ziwa. Mchana Lucie alikuja amembeba mmoja kwapani. "Weye karani, kuku yangu iko bibi arusi? Mbona umeipaka rangi ya mudomo?" Nikaomba radhi mara nne. Akaniuliza pia habari za sufuria yake kubwa ambayo Mama aliazima tangu Pasaka. Nikaahidi kuulizia. Sitaulizia. Nani anathubutu kumwuliza Mama habari za sufuria?

Nimeandika vibao vitatu, kimoja kwa kila chumba: TAFADHALI USIEGEMEE ZIWA. Kazi ya kalamu siku zote hunituliza.

Alhamisi, 12 Juni

Mama alipata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, ameenda Lilongwe kununua mapazia. Atalala huko, mtaa wa Chilinde, kwa rafiki yake wa kwaya, arudi Jumamosi ndani ya gari la wageni. Kabla ya kuondoka alipita vyumbani. Aliuma mdomo. Afadhali angenitukana.

Valentin amevisukia vioo vitatu fremu za matete, na juu ya kila kitanda ametundika mtumbwi mdogo wa mti aliouchonga mwenyewe. Ni vizuri sana. Inaniuma kuandika hivyo, lakini shajara haidanganywi.

Nahitaji kitu kikubwa kuliko mtumbwi.

Jioni wazo likaja. Kwetu Rumonge, Burundi, nilipokuwa mdogo, palikuwa na michikichi kila upande. Akija gavana au bibi arusi, matawi yake yalisimikwa pande mbili za lango, na watu wakajua: hapa kuna furaha, ingia. Matawi, ufukwe, ziwa! Mgeni atajua amefika kabla hajashuka garini. Na kuta atakuja kuziona baadaye, akiwa tayari ameshapendezwa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimechoka hadi kwenye kope. Hapa wilayani Dowa michikichi hakuna, ila mfanyabiashara mmoja wa Madisi ana mti uani ambao ni ndugu wa mbali wa mchikichi. Nilimwandikia barua ya Kiingereza kwa mwalimu mkuu wa binti yake, naye akanikatia matawi mawili marefu. Nilirudi nayo juu ya lori la mahindi, kisha kwa kabaza, baiskeli ya abiria. Mwenye baiskeli alisema zikomo, yaani asante, kwa nauli, lakini mti habebi tena maishani mwake.

Nimeyasimika langoni, nikayakutanisha juu kwa kitambaa cheupe. Upinde! Nilirudi nyuma hatua kumi kuutazama. Machozi yalinilengalenga.

Valentin alipita, akasimama ghafla. Akauliza kwetu nani amekufa.

Wivu mtupu. Nikamweleza kwamba ni mapambo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Toa hiyo vitu, ndugu yangu. Toa mbele ya asubui." Nikamjibu kwamba kila mtu ana kipaji chake. Aliinua mabega, akasema yeye kesho anaenda Dowa mjini kutafuta balbu.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa mpangilio, nisisahau kitu.

Saa mbili asubuhi walifika akina mama sita, vitenge viunoni, hawakupiga hodi. Nikadhani wamesikia sifa za vyumba. Waliketi chini kwenye mikeka, wakashika vichwa. Nikachemsha chai. Akaja mzee mmoja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili: pole sana, karani. Nikamshukuru, nikasema ilikuwa kazi nzito lakini imekwisha. Alinitazama vibaya.

Saa nne walikuwa thelathini. Wengine wamebeba kuni. Ndipo Lucie akaingia, akajitupa sakafuni katikati ya Kalundu, akalia: "Eugénie! Umetuachia nani! Na sufuria yangu iko wapi, Eugénie!"

Nikaelewa. Kwa watu wa Uvira, matawi langoni si harusi. Ni matanga. Nyumba ilikuwa na matawi, mwenye nyumba haonekani tangu Alhamisi: wakajumlisha.

Nilitaka kusema. Naapa. Nilifungua mdomo mara tatu. Lakini watu thelathini wanaolia hawakatizwi na kijana mmoja mwenye koti la zambarau. Nilimpigia Mama, simu ilikuwa imezimwa. Kisha yule mzee akauliza maiti iko wapi. Nikajibu ukweli mtupu: Mama yuko Lilongwe, ataletwa kwa gari saa kumi.

Kilio kikapanda hadi bati likatikisika. Na kila aliyechoka kulia aliegemea ziwa.

Saa kumi gari likafika. Mama aliona matawi langoni pake mwenyewe, akasikia kilio, akashuka gari likiwa bado linatembea. Akapiga kelele: "Valentin! Mwana wangu Valentin!" Hakusema Karani wangu. Ninaliandika hili bila kinyongo.

Alipoingia uani, nyimbo zilikatika. Lucie alimwona, akazimia. Wanaume wawili waliruka ua. Yule mzee pekee alibaki mahali pake, akamwuliza Mama kwa heshima kama amekuja kuchukua kitu alichosahau.

Wakati huohuo Valentin akatokea na balbu zake. Mama akamkumbatia, akalia upya. Balbu mbili zilivunjika.

Langoni, Mchungaji Lwaboshi na wenzake walikuwa wamevua kofia. Waliomba sala fupi, wakatuachia pole zao, wakasema nyumba yenye msiba haisumbuliwi kwa malazi. Wakaenda kulala kwa Gélase, mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara, ambako hakuna ziwa, hakuna mtumbwi, hakuna lolote. Mama alipowakimbilia, dereva alikuwa ameshageuza gari kurudi Lilongwe. Mapazia yake yakaondoka nalo.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani ungeweza kuwahesabu waliokuja kumlilia Mama: migongo yote ya zambarau. Wengine hawakumsalimu. Mwanamke mmoja alimgusa mkono kwa kidole, akaruka nyuma. Muuza mkaa amekataa kupokea oda yake mpaka athibitishiwe.

Baada ya ibada alinisimamisha uani. Hakufoka. Alionekana amechoka kama mimi. "Karani, mi niko mzima lakini batu bananiogopa. Banasema mi ni muzimu. Nani atalala kwa nyumba ya muzimu?" Valentin amemwomba kwa adabu kile chumba cha nyuma ya jiko. Mama amesema atangoja. Amenipa hadi kesho jua likizama: kila mtu Dzaleka ajue kwamba yu hai, nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wangu mwenyewe. La sivyo nikunje godoro.

Nyumba kwa nyumba! Mimi, ambaye hata hodi naibisha kwa ukucha mmoja.

Jumatatu, 16 Juni

Nilibisha mlango mmoja. Mbwa alitoka. Nikarudi.

Lakini nimepata njia bora! Kwa nini mdomo, wakati nina kalamu? Nimeandika tangazo kubwa, kwa mwandiko wangu bora kuliko wote, jina lake likiwa kamili: Eugénie, mzaliwa wa Uvira, mama mpendwa wa wengi, na mwaka wake wa kuzaliwa ili pasiwe na shaka ni yupi. Habari yenyewe, kwamba yu hai, nimeiweka mwishoni, kwa herufi ndogo, kwani nafasi ilikuwa imebaki kidogo. Juu nimebandika picha yake nzuri, ile ya Krismasi. Valentin alibakiwa na fremu moja ya matete. Nimeipaka masizi ikawa nyeusi, picha ionekane vizuri.

Nimelitundika langoni, palepale palipokuwa na matawi. Limependeza. Jua linaanza kuzama. Na kwa kuwa giza huingia mapema msimu huu, nimewasha mishumaa miwili chini yake, ili hata wapita njia wa jioni wasome.

Tayari mama mmoja amesimama, ameshika kichwa. Anasoma kwa makini sana.