Kuhusu Moto Ambao Haukuwepo Kwenye Ndege Yetu

Ndugu Mkurugenzi wa filamu ya "Dakika Tisa za Moto",

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, mkeo na watoto, kama unao, na kama huna Mungu akupe. Mimi naitwa Munojot, mke wa Odiljon, wa hapa Namangan. Shule niliishia darasa la tisa, kwa hiyo mwandiko uuvumilie. Hunifahamu, lakini umeniweka kwenye filamu yako. Mimi ndiye yule mama wa kiti cha kumi na nne.

Filamu tumeitazama Ijumaa, mimi, mwanangu Robiya na mama mkwe wangu, Mama Saltanat. Picha ni nzuri na sauti inasikika. Ila mwanzoni umeandika kwamba ni kisa cha kweli, na hapo ndipo nina malalamiko, nayo ni haya:

1. Moto. Haukuwepo. Ndege wa angani waliingia kwenye injini moja, ikanyamaza, basi. Wewe umeuwasha moto dakika tisa nzima, mpaka mapazia. Ndugu, ile ndege haikuwa na mapazia.

2. Mayowe. Hakuna aliyepiga yowe, tulikuwa na shughuli. Mhudumu alitutangazia tuiname na kushika vichwa, tunatua shambani. Lakini mbele alikaa mzee mmoja, Turdiqul-ota, naye tayari alishafungua viganja kuomba dua. Sasa mzee akifungua viganja, nani ainame? Tukafungua wote, ndege nzima. Na kwetu hushushi mikono mpaka mzee aseme amina, naye alikuwa bado anawaombea babu zake wa upande wa mama. Mhudumu akamsihi, "Baba, si umalizie chini?" Mzee akamjibu bila kufumbua macho, "Chini tutashukuru, binti yangu. Kuomba ni sasa." Tukasema amina magurudumu yakigusa pamba. Kwenye filamu yako mzee huyu amekuwa mfanyabiashara anayekumbatia mkoba na kulia. Wajukuu zake wameona.

3. Mimi. Mama wa kwenye filamu yako anamdondosha mtoto. Nimeirudia sehemu hiyo mara nne na kila mara anamdondosha. Mimi Robiya nilimfunga kifuani kwa kitambaa changu cha kichwa, mafundo mawili, akalala tangu injini iliponyamaza, maana ndipo kelele ilipopungua. Tena umemfanya wa kiume. Halafu rubani anamwokoa motoni akiwa kifua wazi. Rubani wetu alivaa shati, alishuka wa mwisho, akaenda kutapika nyuma ya mforosadi. Baadaye alirudi akatuomba radhi mmoja mmoja, hata watoto. Kwa nini hukuliweka hilo?

4. Jangwa. Umetulaza jangwani siku mbili, tunakunywa maji kwenye kiatu. Ndugu Mkurugenzi, tulitua shamba la pamba, ng'ambo ya mfereji kulikuwa na harusi, na ilikuwa saa ya pilau ya asubuhi. Waliokuja kutuokoa walikuja na ngazi ya kuchumia aprikoti na aproni za jikoni. Magari ya wagonjwa yalipofika, baba wa bwana harusi aliyazuia getini, akasema wageni wake hawaondoki na njaa, na madereva nao waingie wakae. Daktari alitupima mapigo ya moyo vidole vimejaa mafuta ya kondoo. Pilau ile kwa desturi yetu ni ya wanaume, lakini siku hiyo wanawake wa ndege nzima tulitandikiwa ndani, tukaletewa yenye nyama za juu. Watu arobaini na sita, na aliyeumia ni mmoja tu, aliyeng'ata mfupa.

5. Na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku ile mama mkwe nilimwambia ndege imechelewa kidogo. Sikutaka kumtisha, presha inampanda. Sasa filamu yako imemwambia. Ilipokwisha alizima televisheni, akachukua hati zetu za kusafiria, yangu na ya Robiya, akazifungia kwenye sanduku lake, ufunguo akautia kifuani, akasema, "Hakuna mtu wa nyumba hii atakayepanda kitu kile." Odiljon yuko Korea mwaka wa tatu, kiwandani. Kibali cha sisi kumfuata kimetoka baada ya kungoja sana, na kinakwisha tarehe ishirini na mbili. Robiya baba yake anamjua kwenye simu tu. Wakati wa kulala huibusu simu. Na Korea hakuna treni inayofika, nimeuliza stesheni.

Kwa hiyo, kwa heshima, naomba:

Moto uzimwe. Ikiwa ni vigumu, naomba karatasi yenye muhuri inayosema moto haukuwepo, iandikwe kwa jina la Mama Saltanat, kwa herufi kubwa. Ikiwa muhuri hamna, filamu irudiwe pamoja na pilau, na mimi nitakuja kuonja. Na ikiwa yote hayo hayawezekani kabla ya tarehe ishirini na mbili, basi uje mwenyewe na mikate miwili, kama wageni wa kwetu wanavyokuja, ukae na mama umweleze, kisha upande ndege pamoja nasi mpaka Korea ili aone kwamba unaamini unachosema. Kiti cha dirishani nitakuachia.

Nisalimie wapiga picha wote, na yule dada aliyeigiza kuwa mimi. Mwambie simlaumu, na analia vizuri sana. Msalimie pia aliyewasha moto, kazi yake ilionekana.

Wako katika ukweli na kwa matumaini,
Munojot, mama Robiya

N.B. Kabla ya kuifunga barua nilimsomea mama, ili ajue nampigania nani. Nilipofika kwenye pilau alicheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akasema kwamba habari ya pamba aliijua jioni ile ile, shangazi wa bibi harusi alimpigia simu, na moto aliuona ni wa uongo tangu mwanzo. "Basi hati ulizifungia nini, mama?" nikamuuliza. Akaendelea kumvalisha Robiya soksi. Akasema, "Mkishaenda, chai nitamwekea nani?" Asubuhi nimezikuta hati juu ya mto wangu.

Kwa hiyo usirekebishe kitu, Ndugu Mkurugenzi. Moto uache uwake, hata uuongeze. Mama atauhitaji: majirani wakimkuta analia, atawaambia ni kwa ajili ya ile filamu.