Nyayo Laini za Mwanakijiji Mpya

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata chuo cha udaktari! Ada sina. Baba, ambaye ni fundi cherehani, kasema nisipolipa kufikia mwisho wa mwezi nafasi itapotea na nitakaa naye dukani nishone kaptura za shule. Mungu apishe mbali! Bahati nzuri kuna ufadhili wa wanafunzi wa udaktari waliokulia vijijini. Mimi nimekulia ghorofa ya tatu. Kasoro ndogo tu. Shangazi anaishi kijijini, kwa hiyo nimeshaandika kwamba ndiye aliyenilea. Akili ninayo, nisijinyime sifa.

Jumatano, 5 Juni
Nimefika kwa Shangazi. Balaa! Ana umeme wa jua, makochi mekundu na televisheni kubwa kuliko yetu. Nikamsihi avifiche kabla kamati ya ufadhili haijaja kutukagua Ijumaa. Akauliza nani kanidanganya kwamba yeye ni fukara. Akaniita mtovu wa adabu, kisha akaniongezea chakula.

Mbaya zaidi, bintiye naye kaomba ufadhili uleule. Kazaliwa hapa, kasoma hapa. Nikamshauri asijisumbue, udaktari ni mgumu. Binamu akacheka mpaka akakaa chini. Simpendi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeisukuma televisheni chini ya kitanda cha Shangazi. Akaiwasha hukohuko, akalala kifudifudi sakafuni kutazama tamthilia.

Natembea pekupeku ili nizoee. Majirani wote wana viatu. Wananipa pole, wanauliza vyangu vimeibwa lini.

Ijumaa, 7 Juni
Kamati imekuja: mama mmoja daktari na karani wake. Nikawapokea pekupeku, jembe begani. Shangazi akauliza kwa sauti jembe lake nalipeleka wapi. Daktari akaomba nimwonyeshe zahanati ya kijiji. Nikatangulia kwa kujiamini, nikawafikisha kwenye banda la mbuzi. Nilipogeuka kujieleza, nikakanyaga mwiba. Yowe nililopiga, mbuzi walitawanyika!

Binamu akaja mbio. Akanawa mikono, akachemsha sindano, akautoa mwiba taratibu. Nilikuwa imara kabisa mpaka nilipoona damu. Tone moja. Nikazimia.

Nilipozinduka, daktari alikuwa kaushika mguu wangu, anaustaajabia. Akasema hajawahi kuona mkulima mwenye nyayo za mtoto mchanga. Akamuuliza Shangazi nimeishi hapa tangu lini. Shangazi hajui kusema uongo. Akasema tangu juzi, na sukari nimeshaimaliza.

Jumapili, 9 Juni
Binamu kapata ufadhili. Akihitimu atarudi kutibu watu hapahapa. Shangazi analia kwa furaha, majirani wamejaa uani. Mimi nimeumia, nasema kweli. Nilikuwa nimeshajiona kwenye koti jeupe.

Binamu akanifunga bendeji mpya, akaniambia kwa upole kwamba nikiomba tena niseme tu ukweli, mimi ni mtoto wa fundi cherehani na ada hatuna. Maneno yakaniingia. Nikamshika mkono, nikaapa mbele ya Shangazi kwamba ujanja basi. Moyo mwepesi!

Jumatatu, 10 Juni
Nimerudi nyumbani. Habari njema! Kuna ufadhili mwingine, wa watoto wa wajane. Wakaguzi wanafika Alhamisi. Mama hanitii wasiwasi, kulia anajua. Kilichobaki ni kumshawishi Baba akae darini siku hiyo bila kukohoa.