Kwazari na Gunia la Mapema

Antena hajawahi kuja kijiweni na habari ndogo. Leo, kwenye benchi la kahawa la Makame, mlangoni mwa mashine ya kumenya kahawa ya kikundi chetu cha wakulima, kaja na kwazari.

"Redio imesema wataalamu wameipima! Ni kiini cha galaksi, kinawaka kuliko nyota zake zote! Iko huko mbali kabisa, inatukimbia kilomita elfu arobaini na ushee kwa sekunde!"

"Nani kaipiga tochi? Trafiki?" Makame akauliza huku anamimina.

"Mwanga wake wanautawanya rangi rangi. Haidrojeni inang'aa kwa mistari, kila mstari na kiti chake. Wa kiti cha mia nne themanini na sita wameukuta kiti cha mia tano sitini na tatu, umehamia upande wa nyekundu kwa sababu inatukimbia. Toa, gawanya kwa namba ya kwanza, zidisha kwa kasi ya mwanga, jibu unalo."

"Na kitu kikija kwetu?" akadakia Tarsisi. Tunamwita Mapema, huyu hata Krismasi anaila tarehe ishirini.

"Kinahamia upande wa buluu."

Uso wa Mapema ukachangamka ghafla. Gunia lake la kahawa, limetoka Namswea kwa pikipiki sasa hivi, lilikuwa limefunguliwa mbele ya Mama Hildegardi, mkaguzi wetu. Nusu kijani, na mashine yetu inapokea mbivu nyekundu tu. Alishakataliwa mara moja. Ya pili, kanuni inamtoa kikundini. Nilimwonea huruma, kidogo tu.

"Shikamoo, Mama. Umemsikia Antena? Shambani ilikuwa nyekundu tupu. Sasa imekuja kwako mbio, imevutwa upande wa buluu, lazima uione kijani!"

"Marahaba. Na sasa imesimama, mbona haijarudi?"

"Bado ina mori wa safari, Mama."

Makame akapaliwa na kahawa yake mwenyewe.

Mama akachukua tunda moja, akalibinya. Punje haikutoka. "Antena, hao wataalamu wanaangalia rangi tu?"

"Hapana, wanatafuta mstari wanaoujua."

"Mimi mstari wangu ni huu. Mbivu ukiibinya, punje inachomoka." Akafunga daftari. "Mapema, sijaandika kitu. Pakia, kimbia nayo kuelekea Lituhi. Ikienda mbali nami itakuwa nyekundu, si ndivyo? Ikiiva, nipigie simu."

Mapema akaliangalia gunia, akaiangalia barabara.

"Antena, ile ilikuwa elfu ngapi?"

"Arobaini na ushee. Kwa sekunde."

Akaigeukia pikipiki, tairi la nyuma limeshonwa kwa waya. Kisha akatandika turubai, akamwaga kahawa yote, akapiga magoti, akaanza kuchambua mbivu na mbichi, moja moja.