Pete ya Lenzi ya Baba

Jumatatu, 3 Juni.
Mwalimu mkuu katangaza: atakayeleta picha bora ya bao katika fainali ya mpira ya Jumamosi atakuwa mpiga picha wa shule mwaka mzima. Tupo wawili. Mimi, na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwenye studio na mdomo usio na breki. Nimetoa kabatini lenzi ya marehemu baba, ya kuvuta mbali. Imenizidi umri. Nzito kama nyundo. Haishiki kwenye kamera yangu mpya! Itachongwa pete ya kuziunganisha.

Jumanne, 4 Juni.
Nimetegemeza lenzi kwa vitabu mbele ya kamera mpaka tangi la maji la mtaa wa pili likaonekana safi. Nimepima pengo kwa futi ya kushonea ya mke wangu. Mara tatu! Milimita thelathini na tatu. Fundi chuma akaomba apime mwenyewe. Nikamwambia yeye akate chuma, vipimo aniachie mimi. Akanitazama, akarudi kwenye chai yake.

Alhamisi, 6 Juni.
Pete imeingia kwa mlio mtamu. Nimempiga picha mke wangu akianika nguo, umbali wa hatua kumi na tano. Kope zote zinahesabika! Akaniuliza kama nimehesabu na nguo zilizobaki kwenye beseni. Shemeji akapita, akataka kujua hiyo ni kamera au bomba la choo. Nimemsamehe. Kwa siku mbili.

Jumamosi, 8 Juni.
Balaa! Kuanzia hatua ishirini kwenda mbele, picha ni uji mtupu. Nimezungusha lenzi mpaka ikagoma. Bao likafungwa: doa limepiga doa, doa likaruka bila mafanikio. Kilichotoka safi ni kisogo cha mwalimu mkuu, mbele yangu, na lebo ya dukani kwenye kofia yake. Akauliza bao liko wapi. Nikamwonyesha doa. Kazi kapewa shemeji.

Mke wangu kaniambia ile futi aliikata ncha iliyochakaa, nusu sentimita. Kumbe pete imezidi urefu, ndiyo maana mbali hakuonekani. Eti nyumba nzima inajua kwamba lazima uitoe kwenye kipimo. Nyumba nzima! Mimi naishi wapi?

Jumapili, 9 Juni.
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa ni la fundi, angebisha zaidi. Muuza vyombo chakavu ana lenzi ndefu kama mkono wangu. Mahafali yanakuja, na shemeji naye ni binadamu, anaweza kuugua. Nimeiazima, nimepima pengo. Mara sita, kwa futi ileile, maana nimeshaizoea. Mke wangu kauliza kutoka jikoni kama nimekumbuka kutoa nusu sentimita.

Nimemjibu kwamba hiyo ilikuwa ya lenzi ya baba.