Seva ya Akiba ya Mama Shela

Bwana Waya hakuwa fundi umeme, hakuwa fundi simu, wala hakuwa fundi wa kitu chochote kinachoshikika. Ule waya wa kijivu aliouzungushia begani kila alipotoka nyumbani haukuwahi kuunganisha chochote na chochote. Kazi yake ilikuwa kumfungulia milango. Zamani sana aligundua kwamba mtu mwenye waya begani haulizwi anakwenda wapi. Walinzi humpisha, makarani humwonyesha ngazi, na wakubwa wa ofisi humwomba radhi kwa kumchelewesha. Kwa waya huo alikwisha kula karamu za watu asiowajua na kulala hoteli mbili, moja yenye bwawa la kuogelea.

Asubuhi moja alikuwa kwenye duka la fotokopi, akitoa nakala ya cheti cha uhandisi alichojitunuku mwenyewe, ndipo akamsikia mama wa makamo akigombana na simu. Mama huyo alikodisha mashela ya harusi, na mtaa mzima ulimwita Mama Shela. Tovuti yake ilikuwa imelala siku ya tatu hiyo, kwa sababu kampuni iliyoihifadhi ilikuwa imeunguliwa na mashine. Maharusi wote walichagua shela na kuweka tarehe humo humo. Sasa daftari la tarehe lilikuwa halionekani, na shela moja lilikwisha kuahidiwa kwa maharusi wawili, siku moja, saa moja.

"Nimwambie yupi avae shuka?" Mama Shela aliiuliza simu, akakata.

Wapo watu wanaonusa pesa. Bwana Waya alinusa hofu, na pale dukani ilikuwa inanukia vizuri kabisa. Akakohoa kwa adabu, akasogea, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani:

"Mama yangu, samahani kwa kusikia yasiyonihusu. Seva yako ya akiba iko wapi?"

"Seva ya nini?"

Akamweleza kwamba seva ni kompyuta inayoihifadhi tovuti, na kwamba mtu mwenye akili zake huwa na ya pili yenye nakala ya kila kitu, ili ya kwanza ikianguka, ya pili isimame. Yote hayo yalikuwa kweli, maana aliyasikia redioni jana yake, na kusema kweli mfululizo namna ile kulimchosha kidogo. Mama Shela akauliza ni nani mwingine aliyemfanyia kazi hiyo. Bwana Waya akampa namba ya mkurugenzi wa kampuni kubwa. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa Sauti, mshirika wake, mtu mvivu aliyejaliwa koo zito hivi kwamba akikusalimia tu unajikuta umesimama wima. Saa hiyo Sauti alikuwa amejilaza mkekani. Alimsifia Mhandisi kwa dakika saba bila kuinuka, na kabla ya adhuhuri Mama Shela alikuwa amekubali na kutoa malipo ya awali.

Kesho yake, tovuti ikiwa imekwisha kurudi hewani, Bwana Waya akaleta masanduku mawili ya chuma. Moja lilikuwa gamba la chaja ya betri, la pili gamba la redio iliyokufa. Yote mawili yalipakwa rangi ya kijivu na kutiwa taa ndogo za kumetameta, na ndani mlikuwa na feni ya mashine ya kukaushia nywele, ili pavume kisomi. Aliyapigilia ukutani juu ya meza ya kupigia pasi, akaonya yasifunguliwe hata kidogo kwa sababu data hazipendi upepo.

Masanduku hayo yalikuwa chambo tu. Shabaha ilikuwa nenosiri. Ili "kuyaunganisha" na tovuti, Mhandisi ilibidi apewe nenosiri la tovuti yenyewe. Akishalipata angetulia mpaka asubuhi ya kwanza ya msimu wa harusi, wakati maharusi arobaini na mmoja wa mwezi huo wanategemea tovuti ile, kisha angeizima. Mama Shela angepiga simu analia, Mhandisi angefika na waya wake, na bei ingekuwa ile itakayomtoka mdomoni. Jioni hiyo yeye na Sauti wangekuwa kwenye basi.

Mama Shela alilitoa nenosiri bila ubishi wowote, limeandikwa kwenye kikaratasi. Kisha akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono.

"Haya. Izime ile kubwa."

"Kubwa ipi, mama?"

"Tovuti. Izime, niione hii ya akiba ikisimama."

Hapa inafaa msomaji amjue mama huyu. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna shela lililotoka dukani kwake bila kuvaliwa mbele ya macho yake. Kila bibi harusi aliwekewa shela la akiba, na hilo la akiba nalo lilivaliwa: bibi harusi alikaa, akainua mikono, akapanda ngazi, akachekeshwa makusudi kuona kama zipu itavumilia. Kwa Mama Shela, akiba isiyowahi kuvaliwa haikuwa akiba, ilikuwa kitambaa tu.

Bwana Waya akasema mashine zinahitaji wiki moja kuzoea hali ya hewa. Mama Shela akahesabu kwa vidole, akasema basi Ijumaa, saa tatu asubuhi, na kila Ijumaa baada ya hapo. Akaongeza masharti. Bibi harusi aliyeko kwenye tovuti asijue kuwa amebadilishiwa. Tovuti kubwa ikianguka, yeye apate ujumbe kwenye simu. Tena pawe na rejista, kwa kuwa hapa dukani hakuna anayegusa nguo bila kuandika jina.

Sauti alishauri wakimbie na kile walichokwisha kutanguliziwa. Bwana Waya hakukubali. Maharusi arobaini na mmoja hawaachwi hivi hivi, na mama yule asingemwamini mpaka aone kitu kimesimama. Njia ilibaki moja, na aliitaja kwa uchungu: ilibidi kazi ifanywe.

Basi mtu huyu, mwenye miaka thelathini na minane ya kukwepa, akakaa kwenye duka la intaneti akajifunza. Alisoma maelekezo akayarudia, akayatukana, akayarudia tena. Redio ya Sauti ikauzwa, wakakodi seva ndogo ya kweli kwenye kampuni ya mbali. Nakala ya kwanza ilikuja na bei bila mashela. Ya pili ilikuja na mashela, ila maharusi wote walikuwa wameolewa tarehe moja. Alisahau kula. Sauti alipomkuta anaota kwa sauti kuhusu mafaili, alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Ijumaa ikafika. Mama Shela akashika simu yake, Bwana Waya akaizima tovuti kubwa. Kioo kikawa cheupe. Zikapita sekunde arobaini, ndefu kweli, halafu mashela yakaanza kurudi, moja baada ya jingine, kila moja na tarehe yake. Simu ikalia kutoa taarifa. Bwana Waya alifurahi. Ilikuwa furaha halisi, ambayo hakuna wizi uliowahi kumpa, na papo hapo akaionea aibu. Akafungua rejista kumwonyesha mama, mahali alipokuwa amejiandikisha kwa cheo alichokipenda: Mhandisi Mkuu.

Mama Shela akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akataka ufunguo wa ile ya akiba ubadilishwe, maana kwake anayevisha hashiki ufunguo wa kabati.

"Geukia ukutani, mwanangu."

Bwana Waya akageukia ukutani, kama wanavyogeuzwa wanaume wote dukani humo nguo zinapojaribiwa, akawa anamsikia mama akidonoa herufi kwa kidole kimoja. Hakujali. Ufunguo wa tovuti kubwa alikuwa nao.

"Na ile ya akiba je?" Sauti alimuuliza usiku wa kuamkia msimu, mabegi yakiwa tayari yamefungwa. "Si itasimama?"

Bwana Waya akacheka. "Ile nimeitengeneza mimi. Umewahi kuona nimetengeneza kitu kikadumu wiki mbili?"

Sauti akafikiri, akakubali kuwa hajaona.

Saa mbili na dakika tano asubuhi, ndani ya duka la intaneti, Bwana Waya akaizima tovuti. Kioo kikawa cheupe. Akaweka simu mezani, tayari kupokea kilio. Baada ya sekunde arobaini mashela yakarudi. Akaiwasha kubwa, akaizima tena. Yakarudi. Mara ya tatu yakarudi, na hata bibi harusi mmoja aliyekuwa anachagua mtandio akaendelea kuchagua. Kwa hasira akafuta kila kitu kilichokuwamo ndani ya ile kubwa, faili kwa faili. Sekunde arobaini, mashela haya hapa. Kifuani mwake walikuwa wanapigana watu wawili, mmoja anataka kuvunja kompyuta na mwingine anataka kupiga makofi.

Simu ikaita.

"Mwanangu, umeamkaje?" Mama Shela aliuliza kwa upole. "Nakusomea. Saa mbili na dakika tano, Mhandisi Mkuu amezima tovuti. Saa mbili na dakika kumi na moja, Mhandisi Mkuu amezima tovuti. Saa mbili na dakika kumi na sita, vilevile. Saa mbili na nusu, Mhandisi Mkuu amefuta vyote. Nina maharusi sita hapa na hakuna hata mmoja aliyeshtuka."

"Mama, nilikuwa najaribu tu."

"Najua ulichokuwa unajaribu. Njoo kabla ya saa nne, la sivyo karatasi hii inakwenda polisi. Picha yako niliipiga ulipokuwa umegeukia ukutani, na shingo yako inatambulika."

Akaenda. Dukani alikuta akina mama kumi na mmoja wamekaa kwenye viti vya maharusi: wapika keki, wapamba kumbi, mwenye kukodisha magari, wote wana tovuti na wote wamekodoa macho kwenye simu. Mama Shela akamtambulisha kama mtaalamu ambaye, kwa kujiamini, ameiangusha tovuti asubuhi ya msimu mbele ya mashahidi ikasimama mara nne. Wakampigia makofi. Wote walikuwa wamekwisha kuandikishana na Mama Shela wawekewe akiba kama hiyo, na ada walikuwa wakimlipa yeye.

Mama Shela alipomvuta pembeni, Bwana Waya akamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza; hata niliposema 'Seva ya nini?' nilikuwa najifanya. Nilikwisha kuwauliza wahandisi wa kweli, wakanitajia bei ya kuuza nyumba." Akamnyoosha kola. "Nikaona nitafute mwongo mwenye akili, nimkazie masharti. Mwongo anayetaka kuaminiwa hujituma sana, mwanangu. Umenifanyia kazi nzuri, na hiyo sikudanganyi."

Kilichomuuma Bwana Waya zaidi ni kwamba lile neno "nzuri" lilimwingia moyoni na kutulia.

Nje, Sauti alikuwa amesimama na mabegi yote mawili, anaangalia huku na huku. Akauliza kwa ile sauti yake nzito iwapo wanakimbia au wanakamatwa.

"Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi," Bwana Waya akasema, akipokea begi lake. "Mimi ni wa seva, wewe ni wa kupokea simu. Na mama amesema uje na shati lenye kola."